Kwa Nini Akina Heiwadi Wamejaa Kwembago

Palikuwa na wakati, juu ya mlima wa Kwembago, ambapo jina moja lilikuwa na mtu mmoja tu aliye hai. Mtu alipokufa, jina lake halikuzikwa naye. Lilibaki nje, likizungukazunguka kwenye migomba, mpaka azaliwe mtoto wa kulibeba. Hakuna aliyempa mwanawe jina kwa sababu linapendeza masikioni, wala kwa sababu mjomba mwenye jina hilo alikuwa na ng'ombe wengi. Jina lenyewe ndilo lililochagua.

Kazi ya kulisikiliza ilikuwa ya Nakiete binti Mkwizu, mjane mwembamba mwenye hatua fupi za haraka. Mtoto alipozaliwa akaanza kulia kile kilio kisichotaka titi, Nakiete aliitwa. Alikaa kwenye kigoda, akamlaza mtoto mapajani, akataja majina ya waliokufa, polepole, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwa jirani. Jina lenyewe likitajwa, mtoto alinyamaza, akageuza uso kutafuta titi. Jambo likaishia hapo. Watu wakanywa togwa, wakarudi mashambani.

Kulikuwa na desturi nyingine, nayo ilihusu wageni. Mgeni hakuulizwa jina siku ya kufika. Alipewa maji, akapewa chakula na mahali pa kulala, akaitwa Mgeni, hata kama angekaa misimu na misimu. Aliulizwa jina siku ya kuondoka, akiwa amesimama mlangoni na mzigo wake. Kumwuliza mapema kulikuwa sawa na kumwambia, sema uende zako. Kumwuliza mlangoni kulikuwa kumwambia, tupe kitu cha kukuitia ili urudi. Wakwembago walijivunia sana adabu hii, na waliwacheka watu wa bondeni waliomdai mgeni jina hata kabla koo lake halijalowa.

Na siku hizo Kwembago haukuwa na ua hata mmoja. Maharage yalianzia pale malisho yalipoishia, lakini ng'ombe hawakuwa na habari hiyo. Kila msimu palizuka kesi. Mwenye shamba alisimama huku, mwenye ng'ombe kule, na maharage yalikuwa yamekwisha kuliwa.

Basi kiangazi kimoja akapanda mlimani Mwingereza mrefu, shingo imechubuka kwa jua, akiongozana na mpishi wake, mtu wa pwani. Hakuwa mhubiri. Hakununua pembe, hakupima ardhi. Alifika kwa Nakiete kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya kwanza njiani, na Nakiete akampa maji, akamwonyesha chumba cha nyuma alichokuwa akikitumia marehemu mumewe kuwekea mbegu. Hakumwuliza jina, naye hakulitaja.

Siku chache zikatosha kumjua. Mtu yule hakuweza kukaa. Alikula amesimama, sahani mkononi, akitazama nje. Ukimpa kigoda, alikishika kama mtu anayetaka kukinunua, kisha akakiweka chini na kutoka. Kulipokucha alikuwa tayari mpakani mwa mashamba, akiwarudisha ng'ombe wa watu ambao hakuwajua, kwenye malisho ambayo hayakumhusu. Halafu akaanza kukata vijiti vya mnyaa na kuvichomeka ardhini, kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye kijito mpaka kwenye mwamba.

Senkondo, ndugu mdogo wa marehemu mumewe Nakiete, alikuwa na ng'ombe kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyechekwa na kucheka zaidi.

"Shemeji," alimwambia Nakiete, "huyu mgeni wako ana siafu miguuni?"

"Siafu ni wako, shemeji. Ndiyo maana ng'ombe wako hawalali kwao."

"Lakini mtu mzima anafuga miti! Kesho atataka kuikamua."

"Ikamue wewe kwanza. Utomvu wa mnyaa ukikuingia machoni, tutapumzika kukuona ukihesabu mifugo ya watu."

Watu walicheka. Lakini msimu ule vijiti vilishika, na msimu uliofuata vilikuwa ua, na maharage ya upande wa kijito yakavunwa yote. Hakuna aliyemshukuru, maana hakuna aliyejua kama alikuwa amefanya kazi au alikuwa akijisumbua tu.

Mpishi ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja ya ukungu alisimama mlangoni, kajifunika gunia.

"Mimi ni mtu wa jua, mama," alimwambia Nakiete. "Mlima huu utaniua. Na bwana huyu hana kituo. Nimemfuata tangu pwani, na bado hajafika anakokwenda."

"Tukuite nani?" Nakiete akauliza, kwa kuwa sasa ilikuwa ruhusa kuuliza.

"Feruzi."

"Basi, Feruzi, rudi."

Feruzi akateremka. Mwingereza alibaki. Kila mavuno yalipokwisha alifunga mzigo wake, akasimama mlangoni, na Nakiete akatoka jikoni akipangusa mikono, swali likiwa tayari mdomoni. Na kila mara, kabla hajalitamka, mgeni alimwona ng'ombe kwenye kona ya shamba la mtu, akautupa mzigo na kukimbia. Jioni mzigo ulirudishwa chumbani. Nakiete akalimeza swali lake. Mgeni hakuwa ameondoka.

Ukaja mwaka wa masika makali. Maji yalibomoa kipande cha ua, na ng'ombe wa Senkondo wakapita hapo kama wageni waalikwa. Yule mtu akaenda kusimama kwenye pengo, kwenye mvua, mikono ameinyoosha, mpaka Senkondo mwenyewe alipokuja na fimbo kuwaondoa wanyama wake na kumshika mkono.

"Inatosha, Mgeni. Nenda nyumbani. Nitakuzibia."

Alirudi nyumbani na homa. Nakiete alikaa karibu na kitanda chake siku zote za ugonjwa ule. Miguu ya mgonjwa haikutulia. Chini ya blanketi ilikwenda, ilikwenda, kama ya mbwa anayeota. Mchana mmoja aliyafungua macho, yakiwa meupe na safi, akamtazama Nakiete moja kwa moja. Nakiete aliona kwamba sasa angeweza kujibu. Swali lilimfika kwenye meno.

Lakini angemwulizaje? Jina huulizwa mtu anayeondoka. Kumwuliza pale kulikuwa ni kumfungulia mlango na kumwonyesha njia. Nakiete alimfunika miguu, akamwambia, "Lala, Mgeni." Kabla mvua haijakatika, akafa.

Walimzika pembeni mwa ua, pale palipokuwa na pengo.

Baada ya hapo Kwembago haukutulia. Ng'ombe walisimama zizini mpaka asubuhi, hawakulala. Mbwa walizunguka nyumba. Mwanamke alianza kusuka ukili, akajikuta yuko mpakani mwa shamba lake, ukili mkononi, hajui alifikaje. Wanaume walianzisha mazungumzo na kuyaacha katikati, wakainuka kwenda kuangalia kitu ambacho hawakuweza kukitaja. Togwa ilichacha kabla ya wakati kwa kuwa hakuna aliyekaa kuiangalia. Nakiete alijua. Jina lilikuwa nje, halina pa kukaa, na safari hii yeye mwenyewe hakulijua.

Alitumaini litachoka. Kisha mkwewe, Namkunda, mke wa mwanawe Mcharo, akajifungua.

Alikuwa mtoto wa kiume, mzito, mzuri, na alianza kulia kabla hajakatwa kitovu. Nakiete akaketi kwenye kigoda. Akataja majina ya ukoo wa mume, akayamaliza. Akataja ya ukoo wa mama, akayamaliza. Akataja ya watu waliokufa kwa njaa ya zamani, ambao yeye mwenyewe aliwasikia tu kwa bibi yake. Mtoto alilia. Akamwita Mgeni. Akamwita Mzungu. Akamwita Bwana Ua, kama vijana walivyokuwa wakimwita yule mtu kwa mzaha. Kilio kilipanda mpaka majirani wakaja mlangoni.

Kitu kimoja tu kilimnyamazisha, nacho ni mwendo. Ukimfunga mgongoni kwa mbeleko ukaenda, alinyamaza. Ukisimama kufunga kanga vizuri, alianza tena. Alinyonya mama yake akiwa anatembea, kidogo kidogo, maziwa yakimwagika njiani. Ukoo mzima ukagawana zamu za kuzunguka ua, kutoka kwenye kijito mpaka kwenye mwamba na kurudi. Mcharo alimbeba. Nakiete alimbeba. Hata Senkondo alimbeba, akilalamika kwa sauti kwamba mwanamume mwenye ng'ombe wengi hakuumbiwa mbeleko, na hakutaka mtu mwingine ampokee.

Lakini maziwa ya njiani hayajengi mwili. Mashavu ya mtoto yakaporomoka. Miguu ya Namkunda ikavimba, macho yake yakaingia ndani. Siku moja alikutana na mama mkwe wake kwenye mwamba, mahali pa kubadilishana zamu, na hakumpa mtoto.

"Mama," alisema huku akitembea papo hapo, hatua mbele, hatua nyuma, "uliishi naye nyumba moja."

"Niliishi naye."

"Ulimpikia. Ulimfulia. Ulimfumba macho. Na hukujua anaitwa nani?"

"Hakuwa ameondoka, mwanangu."

"Sasa ameondoka!" Namkunda akapaza sauti, na mtoto akashtuka. "Ameondoka, na anamchukua huyu. Mwulize basi! Nenda pale kaburini umwulize, si ndiyo adabu yenu?"

Hakuna mkwe aliyewahi kusema hivyo Kwembago. Nakiete hakukasirika. Alimtazama mtoto, akaona jinsi ngozi ya shingo ilivyolegea, akaona kwamba hakuna mwezi mwingine wa kusubiri.

"Yuko mtu mmoja," alisema. "Yule mpishi."

Waliteremka siku ileile, Nakiete, Mcharo na Namkunda, wakipokezana mtoto bila kusimama. Magoti ya Nakiete hayakupenda miteremko tangu alipokuwa msichana, lakini aliyasukuma. Chini kulikuwa na nyika kavu, na katikati ya nyika kambi ya wajenzi wa reli. Walikwenda wakimwulizia Feruzi mpishi, na kila aliyeulizwa alinyoosha kidole upande wa moshi.

Walimkuta amenenepa, kanzu kiunoni, akikaanga vitumbua kwenye kibanda cha makuti. Alimtambua Nakiete mara moja.

"Mama! Uliniambia nirudi, na wewe ndiye uliyekuja. Kaeni. Kaeni, jamani."

"Hatuwezi kukaa," alisema Mcharo, na akaonyesha mgongoni kwake.

Basi Feruzi alizungumza nao akigeuza shingo huku na huku, kwa kuwa walikuwa wakikizunguka kibanda chake. Alisikia bwana wake amekufa, akayafumba macho, akasema maneno mafupi ya kumwombea. Kisha akasikia habari ya mtoto, na mikono yake ikaacha kazi.

"Jina lake ni Tomas," alisema upesi. "Mimi nilimwita Bwana Tomas. Mwite hivyo."

Nakiete alimchukua mtoto. Hakukuwa na kigoda, akapiga magoti mchangani, akamlaza mapajani. Kilio kikaanza. Akamwinamia sikioni. "Tomas," alisema, kwa ile sauti ya kubisha hodi.

Mtoto alinyamaza. Macho yake madogo yalikwenda huku, yakaenda kule, kama ya mtu anayesikia hatua zikipita nje ya nyumba. Hatua zikapita. Akafungua kinywa na kulia upya, kwa sauti iliyokwaruza.

"Si hilo," alisema Nakiete. "Hilo ni lake mwenyewe, amekwenda nalo. Kuna jingine lililobaki."

Feruzi alirudi kwenye vitumbua vyake. Aligeuza kimoja ambacho kilikuwa kimeungua tayari.

"Feruzi."

"Nilimwapia, mama."

"Ulimwapia nini?"

"Nisilitaje." Akaweka chini kijiti cha kugeuzia. "Wenzetu wana majina mawili. Moja la mtu, moja la nyumba nzima. Hili la nyumba hana peke yake. Ni la baba yake, ni la babu yake, ni la watu wasiojuana. Aliniambia habari yake siku moja tukiwa njiani, na hakuirudia tena. Kwao, zamani sana, kila kijiji kilimweka mtu mmoja wa kulinda ua. Kazi yake kuzunguka mashamba, kuziba pengo, kurudisha ng'ombe wasiingie kwenye nafaka. Hakukaa, maana akikaa watu watakosa chakula. Wakamwita kwa kazi yake, Mlinda Ua. Akafa, mwanawe akarithi kazi na jina. Mjukuu akawa mwoka mikate, lakini jina likabaki. Kitukuu akawa askari, likabaki. Kazi ikasahaulika kabisa, na jina likaendelea kuitafuta."

"Likawatembeza," alisema Nakiete.

"Likawatembeza. Baba yake alikuwa karani, na aliandika amesimama. Babu yake alikufa njiani, hakuna aliyejua alikuwa akienda wapi. Bwana Tomas aliniambia, Feruzi, mimi sina mtoto, na nimekuja mbali makusudi. Liishie kwangu. Nikifa, usimtajie mtu, liache lipumzike." Feruzi akamtazama usoni. "Ungekuwa wewe, mama, ungetaja?"

Nakiete alisimama, maana mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekatika, akaanza kumzungusha tena.

"Njoo Kwembago uone linavyopumzika," alisema. "Hakuna ng'ombe aliyelala tangu tumzike. Ningekuwa naliona limetulia, nisingeteremka mlima kwa magoti haya. Bwana wako alikuwa mtu mwema, lakini hilo hakuwa na uwezo nalo. Jina halikomi kwa kunyamaziwa. Mimi nimelinyamazia, tazama."

Feruzi alitazama. Alitazama kichwa cha mtoto kinavyolegea nje ya mbeleko. Akaja karibu na Nakiete, akatembea naye hatua kadhaa, na akamwambia sikioni.

Waingereza huliandika jina hilo Hayward. Wakwembago hulitamka Heiwadi, na kwa kuwa leo ni lao, limeandikwa hapa wanavyolitamka wao.

Sasa Nakiete alikuwa nalo, na hakulisema. Hili ndilo jambo ambalo hakulitazamia. Maisha yake yote alikuwa amewapa watoto majina bila kuogopa, kwa sababu aliwajua waliokuwa nayo. Huyu alikuwa na maradhi, huyu alikuwa mkali, huyu alikuwa na kicheko. Lakini hili lilimtoa mtu kwao na kumtembeza mpaka akafa kwenye pengo la ua wa watu. Alikumbuka miguu ile chini ya blanketi. Kumtajia mjukuu wake jina hili kulikuwa kumnyima kigoda maisha yake yote. Kutomtajia kulikuwa kumzika kabla ya mwezi kuandama.

Alimgeukia Namkunda, ambaye alikuwa akitembea nyuma yake kama kivuli.

"Umesikia habari yake?"

"Nimesikia."

"Hatakaa, mwanangu. Utampikia, atakula amesimama. Utamwozesha, atakuwa mlangoni. Utakuwa unaumwa, yeye yuko mpakani anatazama ng'ombe wa jirani. Mimi siwezi kulitaja peke yangu. Wewe ndiye mama yake."

Namkunda hakufikiri kwa muda mrefu. Labda hakuwa na nguvu ya kufikiri kwa muda mrefu.

"Atembee," alisema. "Anayetembea yu hai. Litaje, mama."

Nakiete akapiga magoti. Mtoto hakulia tena. Alifungua tu kinywa na kukifunga. Nakiete akaweka midomo kwenye sikio lile dogo, na safari hii hakubisha hodi. Alisema kama mtu anayefungua mlango kwa ndani.

"Heiwadi."

Mtoto alivuta pumzi ndefu, ikamtetemesha kifua. Akageuza uso. Akaanza kutafuta titi kwenye kanga ya bibi yake, pasipo na kitu. Namkunda alimpokea, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyesahau jinsi inavyofanywa, na akakaa chini. Alikaa kwenye mchanga wa nyika, miguu imenyooka, mtoto akinyonya kwa sauti, na akalia machozi bila kujifuta. Mcharo alisimama juu yao akiwafanyia kivuli. Feruzi akaleta vitumbua vyote, hata vilivyoungua, na hakula hata kimoja.

Walipofika mlimani walikuta ng'ombe wamelala. Watu walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zao, wanatazamana kwa aibu kidogo, kama waliokuwa wageni kwao wenyewe. Amani ile ilidumu mpaka mjukuu wa Senkondo alipozaliwa.

Alikuwa msichana, na alilia. Nakiete alitaja majina yote aliyoyajua, akamaliza, na mtoto analia. Senkondo alikuwa mlangoni, anakunja na kukunjua mgolole wake.

"Shemeji, usiniambie."

"Sijasema kitu."

"Nakuona usoni. Hilo lina mwenyewe tayari! Yuko kwako anatambaa, anavunja vyungu. Jina moja, mtu mmoja. Ndivyo tulivyo."

"Ndivyo tulivyokuwa," alisema Nakiete, na hapo ndipo alipoelewa sawasawa alichoambiwa na Feruzi. Jina la mlimani lilikaa kwa mtu mmoja likatosheka. Hili lilizoea kukaa kwa nyumba nzima, kwa baba na wana, kwa watu wasiojuana. Hakuwa ameleta jina moja Kwembago. Alikuwa ameleta ukoo. "Shemeji, hili halitosheki na mtu mmoja."

"Na binti? Mlinda ua ni binti?"

"Nyamaza tuone."

Akalitaja, na mtoto wa kike akanyamaza, akanyonya. Senkondo akaketi kizingitini, kichwa mikononi. "Basi ng'ombe wangu wamekwisha," alisema. "Nitalindwa na mjukuu wangu mwenyewe." Na ilikuwa hivyo. Binti yule, alipopata miguu, alikuwa wa kwanza kuwakimbiza ng'ombe wa babu yake kutoka kwenye maharage ya watu, na babu yake alimwogopa kuliko alivyomwogopa mtu yeyote.

Akazaliwa mwingine upande wa kijito, na mwingine juu ya mwamba. Si wote. Wengine walinyamaza kwa majina ya babu zao, kama zamani. Lakini Heiwadi walizidi. Walipanda minyaa kila mahali, bila kuambiwa, mpaka mlima wote ukawa na nyua kama mkeka wenye mistari, na kesi za ng'ombe zikawa hadithi za wazee. Walioolewa mbali walilibeba huko. Waliokwenda kazi za reli walilibeba mpaka kwenye stesheni ambazo Tomas mwenyewe hakuziona.

Nakiete aliishi mpaka akamwona mjukuu wake amekuwa mwanamume, akila amesimama. Kila alipomwona hivyo, alikisogeza kigoda karibu na miguu yake, na kila mara kijana alikishukuru kigoda na kutoka nje. Bibi hakuacha kukisogeza.

Hiyo ndiyo sababu, toka wakati ule hadi sasa, mgeni wa Kwembago anaulizwa jina kabla ya kupewa maji, majina yote mawili, la kwake na la nyumba yake, na asiposema hakaribishwi ndani. Watu wa bondeni husema Wakwembago wamekosa adabu. Wakwembago huendelea kuuliza.

Na ndiyo sababu ukiita Heiwadi sokoni pale, siku yoyote ya gulio, wanageuka wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa watoto, nao wote wamesimama. Lakini bibi wa Kwembago, akiwekewa mjukuu anayelia mapajani, haanzi na jina hilo. Huanza na ya kale, hata yale ambayo nyuso za wenyewe zimesahaulika. Huyataja polepole, hulirudia kila moja, humtazama mtoto usoni, akiomba anyamaze kwa mojawapo. Akiyamaliza yote, humtazama mama mzazi. Mama hutikisa kichwa kukubali. Ndipo bibi hulitaja, na mama hukaa chini.